Bodi ya Street Fighter II iliyoongea bila muziki

"Fight!" ilisikika safi kabisa. Mtangazaji wa geimu anatamka, mpiganaji Ryu anatoa ukelele wake wa "Hadouken", lakini nyuma yao hakuna muziki hata kidogo. Bodi yenyewe ni ya Street Fighter II, geimu ya kupigana ya mashine za sarafu ya mwaka 1991, nimeinunua kwa mtu hapa Uingereza ninakoishi, na kilichonifanya niitafute ni nyimbo zilizotungwa na Yoko Shimomura. Ndizo hizo hizo zilizokosekana.

Mimi kazi ya solda nimeikuta nyumbani. Nimekulia Tanga kwenye kibanda cha mjomba wangu, fundi redio, nikishika taa huku yeye akifukua matumbo ya redio kaseti. Bodi za geimu za sarafu nimezianza ukubwani, na hii ilikuwa ya kwanza kunisumbua kwa sauti.

Nilianza na umeme. Volti 5 nilizipima juu ya bodi yenyewe, si kwenye pawa saplai, maana nyaya nyembamba hula volti njiani. Nikapata 4.98, sawa. Volti 12 zipo pia, na hizo ndizo zinazolisha amplifaya. Zikikosekana, geimu inaonekana kwenye skrini lakini ni bubu. Nikakagua vile viswichi vidogo vya mipangilio, kwa sababu kimoja huzima sauti wakati geimu inajionyesha bila mchezaji, na ni rahisi mtu kuhangaika siku nzima kwa ajili ya kiswichi hicho. Kilikuwa mahali pake. Mwisho nikaingia kwenye menyu ya majaribio, ambako unaita sauti mojamoja kwa namba. Sauti za watu zinaitika. Nyimbo, kimya.

Hapo nikafanya haraka nisiyopaswa kuifanya. Nilijua muziki wa bodi hii unatengenezwa na chipu ya Yamaha, YM2151, basi nikaagiza nyingine, nikang'oa ile ya zamani miguu yote 24, nikaweka soketi, nikachomeka mpya. Jioni nzima imekwenda, na wakati wa kung'oa nikainua kipande kimoja cha shaba kilichonichukua saa nzima kukirudisha. Nikawasha. Kimya kilekile.

Nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha nikamweleza. Bodi ya geimu hajawahi kuifungua maishani mwake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mjomba, sauti inafia wapi?" Nikamwambia sijui. "Basi umebadilishaje kitu kabla hujajua?"

Nikakaa na karatasi nikachora njia. Prosesa kubwa, 68000, inatoa amri kwa prosesa ndogo ya sauti, Z80. Z80 ndiyo inayoendesha chipu mbili: MSM6295 ya Oki, inayotoa sauti zilizorekodiwa kama maneno ya mtangazaji, na YM2151, inayotengeneza muziki kwa njia nane za sauti kwa pamoja. Chipu ya Oki inatoa sauti tayari kwa kusikika. YM2151 haitoi sauti, inatoa tarakimu, na tarakimu hizo huenda kwenye chipu ndogo ya jirani, YM3012, ambayo ndiyo huzigeuza kuwa sauti. Baada ya hapo mikondo yote miwili inakutana, inapita kwenye volyumu, amplifaya, spika.

Ukishaichora hivyo, bodi inajieleza. Maneno yanatoka, kwa hiyo Z80 ni nzima, volyumu ni nzima, amplifaya na spika ni nzima. Pamebaki kipande kifupi tu, kuanzia YM2151 hadi pale mikondo inapokutana.

Nikatengeneza kifaa cha kusikilizia kwa njia ya mjomba: spika ndogo ya kompyuta yenye amplifaya yake, waya wa graundi umebanwa kwenye bodi, na waya wa sauti umeungwa na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ili umeme wa bodi usiingie kwenye spika. Kwenye ncha nikafunga sindano. Nikagusa mguu wa kutolea sauti wa Oki: "Hadouken!" ikanirukia mezani. Nikagusa pale YM3012 inapotolea sauti: hakuna. Basi sauti inafia hapo au kabla ya hapo.

Kwenye miguu ya YM2151 nikaweka osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kama mistari kwenye skrini. Mapigo ya saa ya megahezi 3.58 yanayoiendesha chipu yanaingia, na kwenye mguu wa data mistari inarukaruka kila nikiita wimbo. Chipu inafanya kazi. Nikarudisha ile ya zamani kwenye soketi, nayo ikarukaruka vilevile. Haikuwa na kosa lolote. Nikahamisha ncha hadi mguu wa YM3012 unaopokea data hiyo, sentimita chache tu kutoka pale. Mstari umelala.

Nikazima umeme, nikaweka mita kwenye mlio, ambapo hulia njia ikiwa nzima, ncha moja huku, nyingine kule. Haikulia. Nikaigeuza bodi. Bodi hizi hukaa kwa kupandana, na ile yenye sauti iko chini, tumbo lake wazi. Chini ya taa, kwa kioo cha kukuzia, nikauona: mkwaruzo mwembamba kama unywele umekatiza njia tatu za shaba. Mbili zimechubuka tu. Ya tatu imekatika.

Nikakwangua rangi ya kijani pande zote mbili za mkato, nikatia solda kidogo, nikavusha uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa simu. Mita ikalia. Nikawasha, nikaita wimbo wa Guile, mpiganaji mwingine wa geimu. Besi ilipoingia nilisimama wima, mikono kichwani.

Nikarekodi nikamtumia mjomba. Alijibu baada ya sala ya isha: muziki mzuri, lakini ule uzi nimeugandisha na nini, maana ukitikisika utakatika tena. Nilikuwa sijaugandisha. Nikaazima rangi ya kucha ya mke wangu, nikaupaka mara mbili, nikaiacha bodi ikauke usiku kucha.