Seremala wa Königsbronn na makala za televisheni kuhusu ulinzi wa Hitler

Kwa miaka mingi nimekuwa mfuatiliaji wa makala za televisheni zinazoeleza jinsi Adolf Hitler alivyolindwa na jinsi majaribio ya kumuua yalivyogonga mwamba. Huonyeshwa usiku kwenye chaneli za historia, na siku hizi nyingi zinapatikana pia kwenye intaneti. Ninazipenda, na nimejifunza mengi kutokana nazo. Hata hivyo, karibu zote huishia kwenye jibu lile lile: kwamba dikteta huyo alikuwa na bahati isiyo ya kawaida. Jibu hilo linanikera, kwa sababu linafunika mambo mawili yanayostahili kujulikana: namna ulinzi wake ulivyofanya kazi kweli, na watu waliojaribu kumzuia walikuwa nani.

Tuanze na ulinzi, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo makala hizi huifanya vizuri zaidi. Mtazamaji huonyeshwa magari ya Mercedes yenye mabati mazito na vioo visivyopenya risasi, treni maalumu iliyofungwa mizinga ya kutungulia ndege, na makao ya vita ya Wolfsschanze karibu na mji wa Rastenburg, ambao leo uko Poland na unaitwa Kętrzyn, yaliyozungushiwa nyaya za miba, mabomu ya ardhini na vizuizi vya ngazi tatu. Huelezwa pia kuhusu Johann Rattenhuber, polisi kutoka Bavaria aliyeongoza kikosi cha usalama cha RSD, na kuhusu kikosi kingine cha SS, jeshi la chama cha Nazi, kilichomsindikiza Hitler kila alikokwenda. Hayo yote ni ya kweli na yanavutia. Lakini ukifuatilia jaribio moja baada ya jingine, utaona kwamba chuma na walinzi havikuwa ngao yake kubwa. Kilichomsaidia zaidi ni mazoea yake ya kubadilisha ratiba dakika ya mwisho, kufika mapema au kuchelewa, kukatisha ziara na kupita njia ambayo haikutangazwa. Mwenyewe aliamini kwamba mtu asiyetabirika ni vigumu kuuawa.

Ndiyo maana sherehe ya tarehe 8 Novemba mjini Munich ilikuwa nafasi adimu. Kila mwaka, katika ukumbi wa bia wa Bürgerbräukeller, Hitler alikutana na makada wake wa zamani kukumbuka jaribio lao la mapinduzi la mwaka 1923. Mahali palijulikana, tarehe ilijulikana, na saa ya hotuba ilijulikana kwa makadirio. Zaidi ya hayo, baada ya mvutano wa madaraka kati ya polisi wa Munich na watu wa chama, Hitler mwenyewe aliamua kwamba ukumbi ule ulindwe na chama, si polisi. Hivyo dola iliyosifika kwa ukali wa polisi wake iliacha jengo muhimu namna hiyo bila ukaguzi wa maana, na aliyeliona pengo hilo hakuwa jenerali wala jasusi. Alikuwa seremala.

Georg Elser alizaliwa mwaka 1903 katika kijiji cha Hermaringen na akakulia Königsbronn, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa fundi wa mbao mwenye mkono mzuri, na aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha saa huko Konstanz. Katika vuli ya mwaka 1938, baada ya mataifa makubwa kukubaliana mjini Munich kuikata Chekoslovakia, alifikia uamuzi kwamba vita vinakuja na kwamba njia pekee ya kuvizuia ni kuwaondoa viongozi wa juu wa nchi yake. Novemba mwaka huo alikwenda Munich akatazama sherehe na kuukagua ukumbi. Kisha akarudi kwao kujiandaa. Kiwanda cha silaha alichokuwa akifanyia kazi kilimpa baruti, aliyoichukua kidogo kidogo. Baadaye akaomba kibarua katika machimbo ya mawe ili apate vilipuzi vyenye nguvu zaidi.

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo ningependa makala hizi ziitulie. Mwezi Agosti 1939 Elser alihamia Munich. Jioni alikuwa akienda Bürgerbräukeller, anaagiza chakula cha bei nafuu, anakula kama mteja mwingine yeyote, kisha anapanda kwenye roshani ya ukumbi na kujificha mpaka milango ifungwe. Usiku kucha, kwa zaidi ya siku 30, alipiga magoti mbele ya nguzo iliyokuwa nyuma ya jukwaa la hotuba na kuichimba kwa mkono, akimulikwa na tochi aliyoifunika leso ya bluu ili mwanga usionekane nje. Kwanza alikata ubao uliofunika nguzo na kuugeuza kuwa mlango mdogo ambao, ukifungwa, hakuna jicho lingeweza kuutambua. Vifusi alivikusanya, na mchana alivitoa ndani ya sanduku la nguo na kwenda kuvitupa mtoni Isar. Magoti yake yalivimba na kutunga usaha. Tundu lilipokuwa tayari, upande wa ndani wa mlango aliupiga bati, ili mtu akija kupigilia msumari wa kutundika mapambo asigonge mahali penye uwazi wala kuharibu mtambo. Na kisanduku cha saa alikizungushia koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa, ili mlio usisikike. Mtambo wenyewe ulitumia saa mbili, ya pili ikiwa ya akiba endapo ya kwanza ingesimama, na ungeweza kutegwa hadi siku sita kabla ya mlipuko. Usiku wa kuamkia tarehe 8 alirudi mara ya mwisho, akaweka sikio kwenye nguzo, akasikia saa bado inatembea.

Fundi yeyote ataelewa uzito wa kazi hiyo. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, na hakuwa na mtu wa kumweleza uchovu wake.

Bomu lililipuka saa 3:20 usiku, kama lilivyotegwa. Hitler alikuwa ameondoka saa 3:07. Kwa kawaida hotuba yake ilianza saa 2:30 na kuendelea mpaka karibu saa nne, lakini mwaka ule vita vilikuwa vimekwisha kuanza, alitakiwa Berlin asubuhi, na ukungu ulifanya safari ya ndege isiwe ya uhakika. Akaamua kusafiri kwa treni, na hivyo hotuba ikaanza mapema na kufupishwa. Dari liliangukia mahali alipokuwa amesimama dakika 13 kabla. Watu wanane walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mhudumu wa ukumbi, mwanamke aliyekuwa kazini tu, na sikubaliani na makala zinazomruka kana kwamba kifo chake kinamchafua Elser. Elser mwenyewe alibeba uzito wa vifo hivyo alipohojiwa, na mtazamaji ana uwezo wa kubeba mambo yote mawili kwa pamoja.

Wakati mlipuko unatokea, Elser alikuwa tayari mikononi mwa walinzi wa mpaka. Walimkamata Konstanz, hatua chache kabla ya kuingia Uswisi, akiwa na koleo la kukatia waya, vipande vya mtambo na kadi ya posta yenye picha ya ukumbi uleule. Alipokiri, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waligoma kuamini kwamba seremala mmoja angeweza kufanya jambo hilo peke yake. Siku iliyofuata maofisa wawili wa ujasusi wa Uingereza walitekwa huko Venlo, kwenye mpaka wa Uholanzi, na propaganda ikatangaza kwamba wao ndio waliokuwa nyuma ya shambulio. Elser alifungwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kisha ya Dachau, akihifadhiwa kwa ajili ya kesi kubwa ya maonyesho ambayo ingefanyika baada ya ushindi. Tarehe 9 Aprili 1945, wiki tatu hivi kabla ya Wamarekani kuikomboa kambi hiyo, alipigwa risasi.

Hata baada ya vita hakuachwa apumzike. Ulienea uvumi kwamba alikuwa kibaraka wa Wanazi wenyewe, kwamba mlipuko ulikuwa mchezo wa kumjengea Hitler jina, na watu wa heshima waliurudia. Kumbukumbu za mahojiano yake zilipopatikana katika nyaraka za serikali mwaka 1964 ndipo ilipodhihirika kwamba alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Jengo la Bürgerbräukeller lilibomolewa mwaka 1979. Leo bamba lililolazwa chini linaonyesha mahali nguzo iliposimama.

Sasa linganisha na nafasi wanayopewa maofisa wa jeshi. Makala nyingi humpa Elser dakika chache, kisha hutumia muda uliobaki kwa tarehe 20 Julai 1944, siku maofisa walipotega bomu katika mkutano wa Hitler huko Wolfsschanze. Siwabezi maofisa wale. Henning von Tresckow alipakiza bomu lililofungwa kama chupa za Cointreau katika ndege ya Hitler huko Smolensk tarehe 13 Machi 1943, na kilipuzi hakikuwaka, yaelekea kwa sababu ya baridi. Siku nane baadaye Rudolf-Christoph von Gersdorff aliingia katika maonyesho ya silaha mjini Berlin akiwa na vilipuzi mfukoni, amekubali kufa pamoja na dikteta, lakini Hitler akapita mbio na kutoka kabla ya dakika kumi za fyuzi kutimia. Gersdorff akaenda chooni kuvizima. Huo ni ujasiri ambao mimi sina maneno ya kuusifia. Lakini hapa pia neno bahati halisaidii. Siku ya Claus von Stauffenberg, ofisa aliyelibeba bomu la tarehe 20 Julai, mkutano uliwahishwa hadi saa 6:30 mchana kwa sababu Mussolini alitarajiwa kuwasili. Stauffenberg, aliyebaki na vidole vitatu tu baada ya kujeruhiwa Tunisia, akapata muda wa kutega furushi moja kati ya mawili aliyokuwa nayo, na lile la pili hakuliweka mkobani. Mkutano wenyewe ulifanyika katika banda lenye madirisha wazi, ambako nguvu ya mlipuko ilipata pa kutokea. Mguu mzito wa meza, ambao makala hupenda kuuchora kwa kompyuta, ulichangia, lakini kama furushi la pili lingekuwamo, huenda mguu huo usingekuwa hadithi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu aliyekuwa wa kwanza kuyaita matukio haya muujiza alikuwa Hitler mwenyewe. Usiku ule ule alizungumza redioni akidai kwamba kunusurika kwake ni ishara kuwa Majaaliwa yamemwamuru aendelee na kazi yake. Picha tunazoonyeshwa, za yeye akimtembeza Mussolini katika banda lililoharibika na akiwatembelea majeruhi, zilipigwa na wapigapicha wa utawala wake kwa lengo hilo hilo. Mtengenezaji wa makala anapozitumia bila kusema zimetoka wapi, kisha akaongeza sauti nzito inayosema “kwa mara nyingine aliponea chupuchupu”, anaendeleza kazi ya Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, bila kukusudia. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua tabia hii. Tarehe 10 Juni 1976 mabomu ya mkono yalirushwa kwenye gari la Idi Amin huko Nsambya, Kampala. Dereva wake akauawa, naye akatoka mzima. Amin alikuwa akitangaza kwamba ameoteshwa siku ya kufa kwake, na wapo walioamini kuwa mtu huyo hauawi. Imani hiyo humlinda dikteta kuliko gari la chuma, kwa kuwa huwavunja moyo wale ambao wangejaribu tena.

Makala hizi pia huikatisha hadithi mapema mno. Baada ya tarehe 20 Julai waliuawa watu wapatao 200 waliohusishwa na njama ile, na familia zao ziliadhibiwa kwa sababu tu ya damu. Watoto wa Stauffenberg walipelekwa katika makao ya watoto huko Bad Sachsa na kupewa jina jingine la ukoo. Mama yao, Nina, alijifungua mtoto wa mwisho akiwa kizuizini.

Na yupo mmoja ambaye huachwa kabisa. Maurice Bavaud, kijana wa Uswisi aliyekuwa akisomea upadri, alijifanya mwandishi wa habari na kupata nafasi katika jukwaa la watazamaji wa gwaride la Munich tarehe 9 Novemba 1938, akiwa na bastola mfukoni. Hitler alipopita, mikono ya walinzi na mashabiki ikanyanyuka kutoa saluti na kumziba asiweze kulenga. Baadaye alikamatwa ndani ya treni kwa kukosa tiketi, na tarehe 14 Mei 1941 alikatwa kichwa katika gereza la Plötzensee. Ubalozi wa nchi yake mjini Berlin haukumtetea ipasavyo, na ilichukua hadi mwaka 2008 kwa rais wa Uswisi, Pascal Couchepin, kukiri hadharani kwamba serikali ya wakati ule haikufanya vya kutosha kumwokoa. Katika makala zote nilizozitazama, bado sijakutana na hata moja iliyomtaja kwa jina.