Jioni niliyomwona Canio akijipaka unga

Tiketi nilipewa na mwenzangu wa darasani aliyeamka na homa. Siti ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, nyuma ya nguzo; ukitaka kuona upande wa kushoto wa jukwaa sharti umwegemee jirani. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa hapohapo mjini, kavaa koti la manyoya, mkononi pakiti ya peremende. Sikujali nguzo. Pagliacci, opera ya Leoncavallo kuhusu kundi la waigizaji wa kuchekesha, ilikuwa inachezwa Milano, mji ilikoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 21 Mei 1892, Toscanini akiongoza okestra, nami nimeingia bure.

Nilijiona naijua. Wimbo mmoja tu, lakini naujua tangu utoto wangu Unguja, tena kwa mlango wa uani: kaka yangu alikuwa na kanda ya Queen, na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja kama sisi, anaanza “It’s a Hard Life” kwa sauti iliyochotwa kwenye kilio cha Canio, chale mkuu wa opera hiyo. Baadaye nikampata Caruso, mwimbaji wa opera wa Italia, kisha Smokey Robinson wa Marekani. Robinson aliletewa na Stevie Wonder muziki usio na maneno, akasikia sarakasi ndani yake, akatunga “The Tears of a Clown” na Pagliacci akamtaja humohumo. Basi kwangu chale alikuwa ndiye huyo mmoja: anachekesha watu huku moyo umepasuka, masikini ya Mungu.

Canio akaja kukaa mbele ya kioo. Ameshajua kuwa mkewe Nedda ana mwanamume mwingine, na watu wa kijiji wanasubiri kuchekeshwa. Akachota unga, akaanza kujipaka. Alijipaka ovyo, shavu moja jeupe pepepe, sikio la kulia akalisahau. Bibi akaacha peremende, midomo yake ikawa inafuata maneno bila sauti. Tenori, yule mwimbaji wa Canio, alipomaliza, ukumbi uliripuka, na mimi nilikuwa nalia bila aibu. Ningetoka pale, ningekwenda kulala na Canio wangu salama.

Lakini ipo sehemu ya pili, ambayo kanda ya kaka haikuwa nayo. Jukwaani kuna jukwaa dogo la mbao, wanakijiji wameketi kwenye mabenchi. Nedda anacheza mke anayemwambia mpenziwe maneno yaleyale aliyomwambia mpenziwe wa kweli mchana ule, na mume ameyasikia yote mawili. Canio anaacha kuigiza. Anataka jina. Nedda anajaribu kuurudisha mchezo, anaimba kiwimbo chepesi, anacheka, anamkwepa. Wale wa mabenchini wanamshangilia Canio! Mwanamke mmoja anamwambia shoga yake kwamba igizo hili linamliza, kama kweli vile. Nedda akagoma kulitaja jina. Kisu kikaingia, akaangukia ukingo wa jukwaa dogo, kiatu kimoja kikamtoka kikaviringika hadi kwa wapiga fidla. Mpenzi wake akaruka kumwokoa, naye akachomwa. Canio akasema mchezo umekwisha, na okestra ikapiga kwa nguvu zote ule muziki wa kilio chake. Maiti ya mwanamke bado iko chini, muziki unamlilia muuaji.

Hapo machozi yangu yakakauka. Chale wa Robinson ameachwa, anajificha kulia, hamgusi mtu. Huyu ana kisu, na wimbo ninaoupenda anauimba akiwa ameshamtishia mkewe nacho. Mkiukata ule wimbo peke yake na kuuweka kwenye kanda, Nedda hayumo. Nami miaka yote nilikuwa namwonea huruma mtu bila kuuliza mkewe alipata nini.

Waimbaji wakatoka kuinamia watazamaji. Nedda alipata makofi ya heshima. Tenori alipotoka, unga umechanganyika na jasho, watu walisimama wakapiga miguu sakafuni. Mikono yangu ilikuwa imeshachoka kwa Nedda, nikabaki nimekaa.

“Binti, umemwona alivyolia?” bibi akaniuliza, anatafuta glovu zake.

“Nimemwona, bibi. Ila yule dada ndiye aliyenishika zaidi.”

Akafikiri kidogo, akanipa peremende. “Sauti anayo,” akasema. “Lakini si ya kuliza watu.”