Kopo la vifungo la bibi

Jamani leo nimefungua kopo la vifungo la marehemu bibi, nikavimwaga vyote mezani.

Vya mbao, vya shaba, vya plastiki kibao, halafu kimoja cheupe kinang'aa rangi rangi ukikigeuza kwenye mwanga. Nikakigusisha shavuni, baridiii! Plastiki haiwi hivyo, hiki ni cha kombe kabisa, lile gamba la kiumbe wa majini.

Mjue kuna mji Marekani unaitwa Muscatine, walikuwa wanakata vifungo kwenye makombe ya mtoni, mwaka 1905 peke yake walitoa kama bilioni 1.5!

Ila kilichonishika ni uzi wa bluu, bado umebaki kwenye matundu yake. Bibi alikikata kwenye nguo gani sijui, nimeshindwa kuutoa.

Nani mwingine kwao kuna kopo kama hili? Tupieni picha.