Nilipoingia dukani na wimbo kwenye flashi

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua kwa pesa ya korosho, hapahapa Mtwara mjini. Muuzaji alisifia diski tu, mahali pa kuhifadhi kazi: terabaiti moja, utaweka nyimbo mpaka uchoke. Nikalipa. Ndani kulikuwa na prosesa, yaani ubongo unaopiga hesabu, dhaifu ya kori mbili (kama mafundi wawili tu), na RAM, kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ya GB 4. Hakunitajia, nami sikujua kuuliza.

Natengeneza singeli, lakini naichanganya na ngoma za sindimba anazopiga mjomba wangu kule Mikindani. Wimbo wangu wa kwanza wa maana ulitaka treki 14, yaani sauti 14 zinazopigwa pamoja, kila moja kwenye mstari wake. Kufika ya tisa sauti ikaanza kukwaruza, krr, krr, kisha kimya. Nilidhani spika zimekufa. Nikabadilisha waya, nikaazima spika za jirani, wapi!

Nilikuja kuelewa baadaye. Sauti ndani ya kompyuta ni namba, mara nyingi namba 44,100 kila sekunde, na zinapelekwa kwenye spika kwa mafungu. Fungu hilo ndilo bafa. Ukiweka bafa ya namba 256, prosesa inapewa chini ya milisekunde 6 kukokotoa kila kitu, besi, kinanda, mwangwi, ngoma zote. Ikichelewa, spika zinakosa cha kupiga, na huo ndio mkwaruzo. Ukiiongeza hadi 1024 mkwaruzo unapungua, ila unabonyeza kinanda na sauti inakuja milisekunde 23 baadaye au zaidi. Muziki wa taratibu utavumilia. Kwenye singeli ya mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62 tu. Vidole vinapotea kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, naanza na prosesa. Kwenye laptopu za mtumba zenye prosesa za kampuni ya Intel, kama zile ziitwazo i5, tazama kizazi, yaani toleo. i5 za laptopu nyembamba zilikuwa na kori mbili mpaka kizazi cha 7. Kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017, kikaleta kori nne. Nje zote zimeandikwa i5! RAM iwe GB 8, na ikiwezekana kuwe na nafasi ya kuongeza. SSD, ile diski ya kasi, ya GB 256 inatosha kuanzia. Nyimbo za zamani zihamishie kwenye diski ya nje.

Mara ya pili sikutaka kusikiliza sifa. Reaper, programu ya kutengenezea muziki, inaweza kukaa kwenye flashi na kufunguka bila kusakinishwa, basi nikaiweka pamoja na ule wimbo wa treki 14. Nikamwomba dada wa duka nichomeke. Nikaupiga wote mara tatu, jicho kwenye kipimo cha prosesa.

"Kaka, mbona unaitesa mashine yangu?"

"Dada, bora niitese hapa kuliko nikuletee kesho."

Kisha nikainamisha sikio karibu na kibodi nisikilize feni. Hilo nilifundishwa na ngozi ya ngoma. Siku niliyomrekodi mjomba barazani, aliwasha makuti makavu, akaigeuzageuza ngoma juu ya moto, akigonga kwa kucha mpaka ngozi ikakaza na kulia anavyotaka. Alipiga vizuri mno. Nyumbani, nilipovaa hedifoni, kila mwanya kati ya pigo na pigo ulijaa mvumo wa feni ya ile laptopu ya zamani. Nilikuwa nimeiweka karibu na maiki. Nikarudi kumwomba arudie.

"Mjomba, ngozi imeshapoa," akaniambia. Nikasubiri wiki mbili.

Kompyuta ya mezani kwa pesa ileile ungepata yenye nguvu zaidi, na feni kubwa huzunguka polepole, kelele kidogo. Ningekuwa na UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, ningeichukua. Kwangu umeme hukatika bila taarifa, nami nafanya kazi usiku, mtaa ukishalala, kwa hiyo betri kwangu si anasa. Hii niliyonayo sasa inakaa saa mbili na nusu nikipunguza mwanga wa skrini. Treki 14 zinapita kwenye bafa ya 256 bila kukwaruza, na jana nimeongeza ya 15, ngoma ndogo ya mjomba, ile ya makuti.