Mnato uko sawa, wino hauko sawa

"Fundi, tarehe inafutika."

Nililetewa taarifa hiyo mara tatu ndani ya wiki moja, zote na dada yule yule wa zamu ya usiku. Ana kawaida ya kuchukua chupa moja kwenye mkanda, kuipitishia kidole gumba juu ya tarehe, kisha kukitazama kidole. Mara zote tatu nilifungua skrini ya mashine inayochapa tarehe kwenye chupa nikakuta mnato, yaani uzito wa wino unapotiririka, uko palepale unapotakiwa kuwa. Nikasafisha kichwa cha kuchapia, nikasema labda chupa zimekuja na unyevu, nikaondoka. Nilikosea, na nilimwomba radhi. Kidole chake kilikuwa kinapima kitu ambacho mashine haikipimi.

Mashine yetu ni ya aina inayotiririsha wino bila kukoma, mfumo ulioelezwa na Richard Sweet wa Stanford katikati ya miaka ya 1960. Wino unasukumwa kupitia tundu dogo mno, mikromita 60 au 70 hivi, huku unatetemeshwa ili mkondo ukatike kuwa matone yanayolingana, makumi ya maelfu kwa sekunde. Tone linalohitajika hupewa chaji ya umeme na kupindishwa liangukie chupa. Yasiyohitajika, na hayo ndiyo mengi, huingia kwenye kikombe kidogo na kuvutwa kurudi tangini.

Huko kurudi ndiko kwenye maneno. Pampu haivuti matone peke yake, inavuta na hewa. Hewa hiyo ikitoka tangini inaondoka na mvuke wa kiyeyushi. Wino wetu umeyeyushwa kwa MEK (methyl ethyl ketone), kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 80 tu na kukauka upesi sana. Tunakipenda kwa sababu hiyo hiyo: tarehe inakauka kabla chupa haijagusana na mwenzake. Kikipungua, wino unakuwa mzito, mashine inahisi mnato umepanda, inaongeza thina, yaani kiyeyushi hicho hicho, mpaka mnato urudi. Skrini inaonyesha kijani. Mpango mzuri kabisa, mradi kinachotoka kiwe MEK tu na kisiingie kitu kingine chochote.

Mara ya nne nilichukua sampuli mbili, moja kutoka chupa mpya ya wino na nyingine kutoka tangini. Chupa za sampuli ziwe za kioo, zijazwe hadi shingoni na kufungwa papo hapo. Ukiacha nafasi juu, MEK itapanda kuijaza, na utakuwa unapima wino mwingine si ule uliouchota.

Kipimo cha kwanza ni mabaki makavu. Unapima gramu 2 kwenye kisahani cha alumini, unaacha mvuke uishe kabisa chini ya feni ya kuvuta hewa, ndipo unaingiza kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka. Usithubutu kuingiza wino mbichi kwenye oveni. Mvuke wa MEK unashika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kipimo cha pili ni densiti, yaani gramu kwa kila mililita, sampuli zote mbili zikiwa kwenye nyuzi 20 kamili.

Majibu yalinikalisha chini. Mabaki makavu ya wino wa tangini yalikuwa yameshuka kidogo, lakini densiti ilikuwa imepanda. Hebu fikiri. Kama MEK ndiyo iliyopungua, vyote viwili vingepanda. Kama thina ilizidi, vyote viwili vingeshuka. Kimoja kupanda na kingine kushuka maana yake ni moja: kimeingia kitu kizito kuliko MEK ambacho kikikauka hakiachi chochote kisahanini. MEK ina densiti ya 0.805. Maji ni 0.998.

Ili kuhakikisha ni maji nilitumia njia ya Karl Fischer, Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1935, ambayo inahesabu maji kwa mmenyuko wa iodini. Hapa nilipoteza nusu siku. Namba ilikuwa inapanda na kupanda, haitaki kutulia, kana kwamba sampuli imeunganishwa na bomba. Kumbe kemikali ya kawaida ya kipimo hiki ina methanoli, na methanoli ikikutana na ketoni kama MEK zinatengeneza maji mapya mle mle ndani ya chombo. Nilikuwa napima maji niliyoyatengeneza mwenyewe. Ipo kemikali maalumu kwa ajili ya ketoni, na nilipoipata namba ilitulia: wino mpya chini ya asilimia 1, wa tangini zaidi kidogo ya 5. MEK inaweza kubeba maji hadi karibu asilimia 12 bila kujitenga, kwa hiyo kwa macho huoni chochote. Wino ulikuwa mweusi na laini kama siku zote.

Kilichoniuma zaidi ni kuelewa mashine ilichokuwa ikifanya muda wote huo. Maji yana mnato mkubwa kuliko MEK. Yalipoingia, mnato ukapanda, mashine ikadhani wino umekauka, ikaongeza thina. Kila ilipojirekebisha, resini inayoshikiza rangi kwenye chupa ilizidi kuwa nyepesi. Na tarehe ikishachapwa, MEK inaruka upesi, maji yanabaki nyuma, na resini yetu haipatani na maji. Utando unaobaki ni dhaifu, kidole gumba kinauondoa.

Maji yalitoka wapi? Mashine imesimama mita chache kutoka kwenye kioshea chupa chenye maji ya moto, na pampu ilikuwa inavuta hewa ile ile yenye mvuke. MEK inapovukiza hupoza sehemu ilipo, na unyevu hupata pa kutua. Zaidi ya hapo, hewa ya kompresa inayopuliza kichwa cha kuchapia haikuwa na kikausha hewa. Nilifungua bakuli la filta yake, yakamwagika maji kiganjani.

Tulimwaga wino wote, tukafunga kikausha hewa, tukasogeza kichwa mbali na kioshea kadiri mkanda ulivyoruhusu. Sasa kila Jumatatu saa nne asubuhi nachukua sampuli na kuandika daftarini mabaki makavu, densiti na maji. Mnato nauandika pia, lakini siulizi chochote kutoka kwake mpaka nimeona hivyo vitatu. Baada ya wiki tatu maji yalikuwa asilimia 1.3.

Safu ya mwisho ya daftari ni ya yule dada. Anaandika neno moja kwa kila saa: safi, au cheusi. Tangu marekebisho ameandika cheusi mara moja tu, alfajiri, na nilipofika asubuhi nilikuta bakuli la filta limejaa maji.