Plagi ya Miguu Bapa

Septemba 2022 tovuti yangu ya cherehani ilipata wageni 2,140. Waliobofya linki zangu wakafika dukani walikuwa 311. Walionunua ni wawili, na mmoja wao alichukua pakiti ya sindano tu. Kamisheni ya mwezi mzima haikutosha bando la wiki.

Kazi ile nilikuwa nimeifanya miezi tisa, kila usiku nikitoka kazini. Ni biashara ya kuelekeza wateja: unaandika kuhusu bidhaa, unaweka linki yenye namba yako, na msomaji akipitia hapo akanunua, duka linakukatia asilimia kidogo. Amazon wanayo tangu 1996, na leo maduka chungu nzima ya mtandaoni yana mpango kama huo. Nilichagua cherehani kwa sababu nimekulia chini ya meza ya cherehani. Shangazi yangu ni fundi wa nguo Likoni, na hesabu nilijifunzia kwenye kopo lake la vifungo.

Niliamini dawa ni kuongeza wageni. Mwezi ukienda vibaya naandika makala nyingine, nasambaza kwenye magrupu ya Facebook, hata rangi ya kitufe cha kununulia niliibadilisha kutoka buluu ikawa ya machungwa. Wageni wakazidi kuja, mauzo yakabaki palepale.

Jumamosi moja ya Oktoba nikavuka feri kwenda kumsalimu shangazi. Nilimkuta na sare za shule, maana za Januari mafundi huanza kuzishona mapema. Alikuwa amesema siku nyingi kwamba anataka mashine ya pili. Nikamwomba aitafute kwenye tovuti yangu, kwa simu yake mwenyewe, kama mtu anayenunua kweli. Nikakaa kwenye benchi pembeni yake, sikumwambia abonyeze wapi.

Akafungua, akangoja. Kisha akaiweka simu juu ya kitambaa, akairudia Singer yake nyeusi ya miguu. Akashona ukosi mzima. Akakata uzi, akaugeuza ukosi, akasukuma pembe kwa ncha ya mkasi mpaka zikachongoka sawasawa. Ndipo akaichukua tena simu, na picha yangu ya kwanza ilikuwa bado inashuka kipande kipande. Mimi nyumbani natumia waifai. Ukurasa wangu sikuwahi kuufungua kwa bando.

"Mwanangu, mambo yako haya yanakula bando," akasema.

Alisoma kimya, kidole kikitembea. Aya tatu za historia ya cherehani akazipita. Mashine niliyoisifia kwa mitindo 60 ya mishono, hiyo mitindo nayo akaipita. Akasimama kwenye picha, akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikabaki plagi peke yake.

"Hii ya wapi?"

"Marekani, shangazi."

"Miguu miwili, tena bapa. Ukutani kwangu pana matundu matatu. Na stima yao si kama yetu."

Jasho lilinitoka mgongoni. Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Ile mashine, kama imetengenezewa umeme wa kwao, ukiichomeka Likoni bila transfoma unaiunguza mota. Nilikuwa nimenakili sifa zake kutoka dukani, na sikuwahi kuishika. Nilikuwa nikiwashauri watu kama shangazi, wanaoweka akiba shilingi kwa shilingi, wanunue kitu cha kuwatia hasara. Hilo liliniuma kuliko kukosa kamisheni.

Akaendelea kuuliza, nami nikachukua daftari lake la vipimo nikawa naandika kwa nyuma. Itapita kwenye jinzi iliyokunjwa? Kikasha cha bobini kikiharibika, spea zipo Mombasa au mpaka Nairobi? Stima ikipotea, naweza kuikanyaga kwa miguu? Nalipa kwanza, au nalipa nikishaiona? Nilikuwa na makala 14, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu.

"Na wewe wanakupa nini?"

Nikamweleza kamisheni. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mbona hukuandika? Sema wewe ni dalali, watu wakujue."

Nikamuuliza angenunua lini. Akasema zamu yake ya chama ni Desemba. Duka lile lilinihesabia mteja kwa saa 24 tangu abofye. Akirudi kununua keshokutwa, sipati kitu. Na kwetu nani hununua cherehani siku ileile aliyoiona? Mtu hungoja mshahara, hungoja zamu yake, humpelekea fundi mwenzake picha aitazame.

Wiki mbili zilizofuata sikuandika makala mpya. Nilifuta tisa. Nikajiunga na mpango wa duka la hapahapa Kenya, lenye mashine za volti 240, linalokubali ulipe mzigo ukifika, na linalomkumbuka mteja wangu siku 30. Asilimia yao ilikuwa ndogo kuliko ya Marekani, na rafiki yangu mmoja aliniona nimepotea. Picha zote nikazipunguza uzito. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa nikaandika kwamba ukinunua kupitia hapa napata kamisheni, na bei yako haibadiliki. Kisha nikaenda kwa mafundi wawili wenye mashine ninazoziandikia, mmoja Kongowea na mwingine Majengo, nikaomba kuzijaribu. Jinzi iliyokunjwa mara nne ilivunja sindano ya moja. Nikaipiga picha ile sindano, nikaiweka, nikaandika wazi kwamba mashine hii ni ya dera na mashati, jinzi haiwezi. Linki nikaiweka chini ya kila jibu, na mwisho namba ya WhatsApp: niambie zamu yako ya chama ni lini, nitakukumbusha.

Novemba wageni walishuka wakawa 1,300 hivi, maana makala zilipungua. Mauzo yalikuwa tisa. Desemba yakawa 17, na cherehani ya shangazi ni mojawapo, ya stima, ila ina nafasi ya kufungwa mkanda wa kukanyagia.

Siku mbili baada ya Krismasi mama mmoja wa Voi alinitumia picha. Mashine imetolewa boksini, iko juu ya kitanda, plastiki bado imeizunguka. Uzi wa chini haukamati, akaniandikia, nifanyeje? Sikujua. Nikamwomba anivumilie saa moja, nikashika njia ya feri.