Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Bomba wa Maji Taka

Saa 1:00 asubuhi. Niko mtaroni kwenye nyumba inayojengwa, na mwenye nyumba ana haraka ya kumwaga zege la sakafu. Namwelewa, ila bomba la maji taka likishafunikwa, kosa lake utalifikia kwa kuvunja sakafu tu. Nafunga uzi, nashika futi na pima maji. Bomba la milimita 100 nalipa mteremko wa 1 kwa 40, yaani kila mita linashuka milimita 25. Kwa urefu wa mita 6 lazima nipate sentimita 15 kati ya ncha na ncha, nami nazipata. Lakini katikati bomba limekalia jiwe, na mbele ya jiwe limefanya tumbo. Ncha zinaweza kusoma vizuri na bado maji yakatuama hapo, uchafu ukajikusanya, likaziba. Tunalitoa jiwe, tunashindilia mchanga chini ya bomba lote. Na ile elbo, yaani kiungo cha kona, ya digrii 90 naikataa. Chini ya sakafu natumia mbili za 45, maana fito ya kuzibulia inapita.

Saa 3:30. Kupima. Tunaziba ncha zote, tunapuliza hewa, kisha naunganisha mpira angavu wenye umbo la U uliotiwa maji. Tunapuliza hadi maji ya upande mmoja wa U yawe juu ya upande wa pili kwa milimita 100, kisha tunasubiri dakika 5. Tofauti hiyo ikishuka kwa zaidi ya milimita 25, pana mahali panavuja. Inashuka nusu kabla muda haujafika. Tunapaka povu la sabuni kiungo kimoja kimoja, na kwenye kiungo cha pili kutoka bafuni povu linaanza kuvimba taratibu. Tunakivuta. Raba imejikunja, imetoka kwenye mfereji wake, kwa sababu ncha ya bomba ilikatwa kwa msumeno na haikupigwa tupa. Tunalainisha ncha, tunapaka kilainishi, tunaunganisha, tunapima upya. Maji yanasimama. Sasa zege limwagwe.

Saa 7:00 mchana. Ghorofani, familia inalalamikia harufu bafuni. Wamemwaga dawa hadi macho yanawasha. Dawa haitibu kitu hapa. Chini ya sinki na ndani ya choo pana trapu, kona inayobaki na maji yenye kina cha milimita 50 au zaidi, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu isipande ndani. Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye kona ya umbo la S mwaka 1775, na mpaka leo tunategemea wazo hilohilo. Namwomba jirani wa juu avute maji ya choo. Sinki linakoroma, na kwa tochi nayaona maji ya trapu yakinyonywa. Napanda juu: bomba la hewa lilikatwa na kufunikwa wakati wa kukarabati paa. Maji yanaposhuka kwa kasi kwenye bomba la wima huvuta hewa nyuma yake. Yasipoipata juu, yataivuta kupitia sinki la mtu. Narefusha bomba hadi juu ya bati, naliwekea wavu. Watu hudhani kazi yetu ni maji, kumbe hewa nayo ina sehemu yake kubwa.

Saa 9:30 alasiri. Tangi la maji taka limefurika. Nakuta mfuniko wazi na kijana kavua shati, tayari kushuka na ndoo. Nampigia kelele atoke. Gesi ya haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hunuka yai viza. Ikizidi huua uwezo wa kunusa, ukadhani imekwisha. Aliyeanguka hufuatwa na aliyeshuka kumwokoa, wakafa wote wawili. Haingii mtu, basi. Tunasubiri gari la kunyonya.

Tangi likiwa tupu, naona tii ya kutokea, kiungo cha umbo la T kwenye tundu la kutolea maji, imevunjika. Kazi yake ni kuchukua maji ya katikati, chini ya utando wa mafuta unaoelea na juu ya tope lililotuama. Ikivunjika, utando hupita hadi shimo la kunyonya, ambamo maji huzama ardhini, na kuziba udongo, ndiyo maana limefurika. Nafunga nyingine nikiwa nje, kupitia tundu la ukaguzi.

Saa 11:30 jioni. Mfuniko wa zamani ulikuwa wa mbao zilizooza. Tunauondoa na kuweka wa zege, mzito kiasi kwamba mtoto hawezi kuuinua.